Mafuta Bila Daftari

Umeenea usemi siku hizi miongoni mwa wenye magari, na sasa umefika mpaka kwetu Nyalikungu, kwamba gari la haibridi ni utapeli wa Wajapani. Nimeusikia kwa madereva, nimeusikia kwa mafundi, na lililoniuma zaidi, nimeusikia kwa mwanangu mwenyewe. Husema: "Tuliambiwa lina injini na lina umeme, mafuta linagusa tu. Mbona linakunywa kama mengine?" Katika kurasa hizi nakusudia kuupinga usemi huo bila kumung'unya maneno. Gari halikumdanganya mtu. Aliyedanganya ni mguu wa dereva, na uongo wake ukapata mahali pa kujificha kwa sababu dereva huyo hana daftari.

Mimi si fundi wa magari. Kazi yangu ilikuwa kufundisha, baadaye kuongoza shule, na sasa ni mstaafu mwenye shamba dogo la mahindi na pamba. Lakini nilisomea ualimu katika zama ambazo mwanachuo asiye na andalio la somo hakuruhusiwa kusimama mbele ya darasa, hata kama somo lenyewe alilijua vizuri. Wakufunzi wetu walitukazia kwamba kazi isiyoandikwa haikaguliki, na isiyokaguliwa haisahihishiki. Nimeishi kwa kanuni hiyo zaidi ya miaka hamsini, na kwa kanuni hiyohiyo nililikagua gari la mwanangu.

Kisa chenyewe kilianza kwa simu. Ninaishi na mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha tatu katika shule iliyo nje ya mji wetu. Ada ya serikali hakuna, lakini ukitaka mtoto alale hosteli hapana budi uchangie chakula na mahitaji mengine. Mchango wa muhula ule ulikuwa Sh 150,000. Mjomba wake, yaani mwanangu aliyeko Dar es Salaam, alikuwa ameahidi kuutoa. Muhula ulipofunguliwa nikampigia. Akaniamkia kwa adabu, nikaitikia, kisha akaniambia: "Baba, mwezi huu nisamehe. Mafuta yamenimaliza." Mwezi uliofuata akasema vilevile. Basi mjukuu wangu akawa anatembea, kilomita sita kwenda na kilomita sita kurudi, akitoka nyumbani kabla nyota hazijafifia.

Sikumgombeza mwanangu. Nilijua bei ya mafuta. Nchi yetu haichimbi petroli. Kila lita inayochomwa Tanzania imenunuliwa ng'ambo kwa dola, na EWURA inapotangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, hata sisi tusio na magari tunatega sikio, maana nauli na bei ya sabuni vinafuata nyuma. Tulikiona cha mtema kuni mwaka 2022, baada ya vita vya Urusi na Ukraine, hata serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya Sh bilioni 100 kuanzia mwezi Juni ili kupoza makali. Kwa hiyo nilimwamini kijana wangu. Nilichoshindwa kukielewa ni kitu kimoja tu: si yeye mwenyewe aliyenieleza, aliponunua lile gari, kwamba amelinunua ili kupunguza gharama za mafuta?

Gari lake ni Toyota Harrier ya haibridi, ya toleo lile lililoanza kuuzwa Japani mwanzoni mwa mwaka 2014, injini ya lita 2.5. Lilikuja limekwisha tumika huko, kama magari yetu mengi yanavyokuja, likashushwa bandarini Dar es Salaam, akalilipia ushuru uliomfanya akae wiki nzima hasemi. Waliomshauri walimwonyesha takwimu za Japani: zaidi ya kilomita 20 kwa lita. Takwimu hizo si za uongo, ila zilipimwa kwenye vyumba vya majaribio, na dereva wa majaribio hafokewi na konda wa daladala. Mtu mwenye busara huzipunguza kabla hajaziamini. Mwanangu hakuzipunguza, alizikariri, kisha akazidai kwa gari kama mtu anayedai deni.

Mwaka huohuo macho yangu yalihitaji kuangaliwa, nikapanda basi mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi, nikakaa kwake wiki nne. Kwa kuwa hospitali nilikokuwa nikihudhuria ilikuwa upande wa anakofanyia kazi, nilipanda naye gari karibu kila siku, mimi kiti cha mbele, kutoka Mbezi, Kimara, Ubungo, Manzese, Magomeni, Jangwani, Fire mpaka Posta, na jioni tukarudi njia hiyohiyo. Kwenda na kurudi, pamoja na kupita sokoni na kumchukua mkewe, ni kama kilomita 50 kwa siku. Siku ya kwanza nilinunua daftari la kurasa 40. Aliponiuliza la nini, nikamwambia la kuandika dawa zangu. Mungu anisamehe.

Kabla sijaeleza niliyoyaandika, yafaa msomaji aelewe gari la namna hii linafanyaje kazi, maana wanaolilaumu wengi hawajui. Sisi Wasukuma tunaofahamu mkokoteni wa ng'ombe hatupati taabu kuelewa. Ng'ombe hachoshwi na mwendo; anachoshwa na kuondoka. Mkokoteni uliosimama ukitaka kuuondoa, ng'ombe hujikaza mpaka mishipa ya shingo inasimama. Ukishatembea, anauvuta huku anacheua. Gari la petroli ni hivyohivyo. Linakula sana linapoondoka, na unapokanyaga breki, nguvu yote uliyoinunua kituoni inageuka joto kwenye magurudumu na kupotea hewani. Katika foleni ya Dar es Salaam gari linaondoka na kusimama mara mia kabla ya kufika Ubungo. Hapo ndipo fedha inapoungua.

Haibridi ilibuniwa kwa ajili ya ugonjwa huo hasa. Toyota waliuza Prius ya kwanza Japani mwezi Desemba 1997, na kanuni yake ndiyo iliyomo ndani ya Harrier. Ndani mna injini ya petroli, mna mota ya umeme, na mna betri kubwa. Gari linapoondoka polepole, mota ya umeme ndiyo inayojikaza badala ya injini. Likisimama, injini inazimika yenyewe. Na dereva anapoachia mafuta au kukanyaga breki kwa ulaini, mota inageuka kuwa jenereta: magurudumu yanaizungusha, umeme unarudi kwenye betri. Kwa maneno mengine, sehemu ya nguvu iliyokuwa ipotee inaokotwa na kuwekwa akiba. Betri hiyo haichomekwi ukutani; umeme wake wote asili yake ni petroli uliyonunua. Kwa hiyo gari halikupi kitu cha bure. Linakurudishia kile ambacho ungekitupa, kwa sharti kwamba hukitupi kwa nguvu kuliko linavyoweza kudaka.

Sasa nieleze niliyoyaona kwa siku kumi za kwanza, ambazo niliketi kimya kama mkaguzi wa elimu aliyekaa nyuma ya darasa.

Mwanangu aliondoka kila mara kana kwamba kuna zawadi mbele. Akipata nafasi ya mita 30 kati yake na gari la mbele, alikanyaga mafuta mpaka injini inaunguruma, kisha baada ya sekunde nne anakanyaga breki kwa kishindo, mimi kichwa kinakwenda mbele kama mjusi. Kwenye dashibodi yake kuna mshale unaoonyesha gari linatumia nguvu au linarudisha umeme. Upande wa nguvu ulijaa, upande wa kurudisha uliguswa tu na kuachwa. Breki ya kishindo haimpi jenereta nafasi. Kazi inafanywa na pedi za breki, na nguvu inaishia kuwa joto, kama kwenye gari la babu yake.

Foleni iliposimama, alitia gia kwenye N. Nilimwuliza kwa nini, akasema ndivyo madereva wazoefu wanavyopumzisha gari. Huo ni urithi wa magari ya zamani usiofaa humu. Gari hili likiwa kwenye N betri haichajiwi. Ukikaa kwenye N muda mrefu huku kiyoyozi kinavuta umeme, betri inashuka. Ukirudisha gia, injini inawaka ili kulipa deni. Yeye akiisikia inawaka angali amesimama, alikuwa akisema: "Unaona, Baba? Haibridi gani hii?"

Kiyoyozi alikiweka nyuzi 18. Nilivaa sweta langu la Maswa katikati ya jiji la Dar es Salaam. Upepo wa matairi mawili ulikuwa pungufu ya kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Juu ya gari kulikuwa na keria aliyoifunga kwa safari ya Krismasi na hakuifungua tena, na nyuma kulikuwa na mifuko miwili ya saruji iliyokwisha kuganda. Kwenye eneo la kiti cha nyuma kuna matundu yanayovuta hewa ya kupozea ile betri kubwa. Alikuwa ameyafunika kwa zulia na begi la viatu, na ndani yake vumbi lilikuwa limeganda kama sufi. Oili aliyowekewa na fundi ilikuwa nzito, 20W-50, wakati injini ile ilitengenezewa oili nyepesi ya 0W-20.

Na mafuta? Aliyanunua kwa fedha, si kwa lita. "Weka ya elfu thelathini," anamwambia mhudumu, na macho yako kwenye simu. Ukimwuliza gari linakwenda kilomita ngapi kwa lita, anakuambia: "Baba, linakunywa tu." Mtoto wa mwalimu huyu!

Nilifanya hesabu kwa njia ambayo mwanafunzi wa darasa la tano anaiweza. Tulijaza tangi mpaka pampu ikajikata yenyewe, nikaandika kilomita. Baada ya siku kumi tukajaza tena kwenye pampu ileile. Tulikuwa tumetembea kilomita 504, na zimeingia lita 48. Gawanya: kilomita 10.5 kwa lita.

Jioni ile nilimweka kitako, nikamfungulia daftari. Alicheka kwanza, baadaye akanyamaza. Nikamwomba kitu kimoja: siku kumi nyingine aendeshe kwa kufuata andalio la somo. Alikubali, nadhani kwa heshima tu.

Andalio lenyewe lilikuwa fupi. Ondoka kwa ulaini, lakini usinyate kama mwizi, maana kunyata kupita kiasi kunamaliza betri na kuwaudhi wenzako. Ondoka kiasi cha kufikia mwendo wa foleni, kisha achia mafuta gari lijiendee. Tazama magari matatu mbele, si taa za gari la mbele yako tu. Ukiona kunasimamwa, achia mafuta mapema na gusa breki kwa muda mrefu, mshale ukae upande wa kurudisha. Gia ibaki D mpaka umeegesha. Usibonyeze kitufe cha kulazimisha umeme mtupu ukidhani unaokoa. Unakopa tu kwa betri, na injini italipa. Likiwa limekaa juani, fungua vioo dakika moja joto litoke, kisha kiyoyozi nyuzi 25. Upepo wa matairi upimwe kila wiki mbili, asubuhi yakiwa baridi. Keria ishuke, saruji itoke, matundu ya betri yasafishwe, oili ibadilishwe. Safari fupifupi ziunganishwe, kwa sababu injini baridi ikiwashwa hula ili ijipashe moto kwanza. Kwenda dukani mara tatu kwa siku ni kuipasha mara tatu.

Alinipinga kwa hoja moja yenye nguvu, na si haki kuificha. Alisema: "Baba, hapa si Nyalikungu. Nikiacha nafasi mbele, bodaboda na daladala wanaijaza." Ni kweli, waliijaza. Nilikuwa nikihesabu kwa wino mwekundu. Asubuhi moja kati ya Kimara na Ubungo waliingia kumi na saba mbele yetu. Tulichelewa kiasi gani? Kila mmoja alituondolea urefu wa gari moja. Kumi na saba hawafiki mita mia moja. Mtu mzima anachoma mafuta na kuvunja shingo ya baba yake ili asipoteze mita mia moja, halafu anafika Posta na kutafuta maegesho kwa dakika ishirini. Nilipomwonyesha hilo hakujibu. Kwa hakika kinachouma si mita. Kinachouma ni kupitwa. Tumefanya barabara kuwa mahali pa kupimana ubwana, na petroli ndiyo pombe ya mashindano hayo.

Siku kumi za pili zilipokwisha tulijaza tangi kwenye pampu ileile. Kilomita 533, lita 36. Ni kilomita 14.8 kwa lita. Gari lilelile, barabara ileile, foleni ileile, dereva yuleyule. Muda wa kufika kazini haukuongezeka kiasi cha kuonekana kwenye daftari langu.

Tufanye hesabu ya mwezi. Anatembea kilomita kama 1,300. Kwa mwendo wake wa zamani anahitaji karibu lita 124; kwa mwendo mpya karibu lita 88. Tofauti ni lita 36. Tuseme lita ni Sh 3,000, kwa urahisi wa hesabu: Sh 108,000 kila mwezi. Kwa mwaka inakaribia Sh 1,300,000. Nilimwandikia jumla hiyo chini ya ukurasa, na pembeni yake nikaandika Sh 150,000, mchango wa hosteli wa muhula mmoja. Sikuongeza neno. Kwa miezi miwili aliyoniambia mafuta yamemmaliza, mafuta aliyoyapoteza peke yake yangelipa hosteli na kubakisha fedha ya madaftari. Petroli ile ilikuwa inaungua kwenye breki pale Manzese, na mtoto alikuwa anatembea gizani huku Maswa.

Sasa niwageukie wengine, maana kosa si la mwanangu peke yake.

Wa kwanza ni wale mafundi wanaowaambia watu kwamba haibridi haifai nchi za joto, kwamba dawa yake ni kuung'oa mfumo wa umeme ubaki na injini tupu. Joto ni adui wa betri, hilo sipingi. Ndiyo maana waliolitengeneza waliweka feni na matundu. Lakini fundi asiyefungua matundu yale na kupuliza vumbi, akakimbilia kung'oa, ni kama mganga anayekata mguu kwa sababu ya mwiba. Betri huzeeka, na kuibadilisha ni gharama kubwa. Anayenunua gari la namna hii lililotumika hana budi kuipima kwa fundi mwenye mashine ya kuisoma kabla hajatoa fedha, na baada ya hapo aweke akiba. Huo ni ukweli mchungu, ila ni ukweli wa hesabu, na hesabu hujibiwa kwa hesabu, si kwa uvumi.

Wa pili ni wauzaji na washauri wa vijiweni, wanaomsifia kila mtu haibridi bila kumwuliza anatembea wapi. Jirani yangu hapa Nyalikungu aliniuliza kama na yeye anunue. Safari zake ni Mwigumbi, Bariadi na Lamadi, barabara ya lami, nyoofu, bila foleni. Nikamwambia hapana. Haibridi inaokoa pale penye breki. Kwenye mwendo mrefu usiobadilika hakuna cha kuokota, na faida inakuwa ndogo kuliko tofauti ya bei. Mwanangu mwenyewe akija likizo kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, gari lile si malaika tena. Na akizidi mwendo wa kilomita 100 kwa saa, upepo unalila kama unavyolila lolote lenye umbo la kabati. Na nikiwa mkweli, mtu anayetaka kuokoa hasa angenunua gari dogo, au angepanda mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016, yaliyokuwa yakitupita kwenye njia yao huku sisi tumekaa. Mwanangu alisema mabasi hayo yanajaa mno asubuhi, naye ana mke na watoto wa kushusha njiani. Sina ugomvi na hilo. Sidai kila mtu auze gari lake. Nadai kwamba aliyekwisha kulinunua asilitukane kwa kosa la mguu wake.

Wa tatu ni wakubwa wetu, na hapa nasema kwa uchungu. Nimeona mara nyingi, katika miji mbalimbali ya mkoa wetu na kwingineko, gari kubwa la ofisi limeegeshwa nje ya ukumbi wa semina, injini inaunguruma saa nzima, kiyoyozi kinapoza viti vitupu ili mkubwa akitoka asikute joto. Mafuta hayo yamelipiwa na mkulima wa pamba. Mashine imefundishwa kuzima injini ikisimama, na sisi wenye akili tumelikataa somo hilo. Halafu vijana wanaojifunza udereva kwa kuwatazama wakubwa, tunawashangaa wakiamini kwamba kuhesabu mafuta ni dalili ya umaskini.

Nami sijitoi katika lawama. Naikumbuka miaka ile ya uhaba baada ya vita vya Kagera, tulipopata mafuta kwa kibali, na magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili alasiri. Wakati huo kila lita ilikuwa na jina la mtu. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu mkuu, shule yangu ilipata pikapu. Dereva alitakiwa kuandika kila safari, na aliandika. Aliyekuwa haandiki ni mimi. Nilikwenda mjini kwa jambo langu, nikarudi, ukurasa ukabaki mtupu, na mwisho wa mwezi tukashangaa kwa nini dizeli ya mashine ya kusaga imekwisha na wanafunzi wanakula makande. Dereva yule, Mungu amrehemu, hakunisema hata mara moja. Aliacha tu mstari mtupu kati ya safari moja na nyingine, kila nilipotembea. Nililiona daftari hilo siku ya kukabidhi ofisi. Mistari ilikuwa mingi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nimeifundisha methali hiyo darasani kwa miaka thelathini.

Ndiyo sababu sikumfokea mwanangu. Nilimwachia daftari, nikarudi kwangu na miwani mipya. Sikumwambia aendelee, mtu mzima haamrishwi namna ya kukanyaga mafuta. Lakini kila mwisho wa mwezi hunipigia, ananiamkia, kisha kabla ya habari nyingine hunisomea kilomita, lita na jibu. Mwezi mmoja ilikuwa 14.2, akajitetea kwamba mvua zilifunga Jangwani. Mwezi mwingine 15.1, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyepata vema zote. Mwezi mmoja ilishuka mpaka 12, nikanyamaza, naye akanyamaza, kisha akasema: "Nilikuwa na haraka, Baba." Nikamwambia aandike hivyohivyo.

Mjukuu wangu sasa analala hosteli. Mchango wa muhula wa kwanza alioulipa mjomba wake uliingia siku tano kabla ya tarehe. Bado kuna siku ninaamka saa kumi na moja alfajiri kwa mazoea, nikidhani namsikia akitafuta viatu vyake gizani. Nakaa kitandani kidogo, nakumbuka kwamba hayupo, kisha nalala tena.

Kwa hiyo, msomaji wangu, kabla hujaniambia kwamba gari lako ni la kitapeli, nionyeshe daftari lako. Jaza tangi, andika kilomita, tembea, jaza tena, gawanya. Kama baada ya kuulainisha mguu wako bado jibu ni baya, twende pamoja kwa fundi na kwa muuzaji, nami nitakuwa shahidi wako. Lakini kama huna daftari, basi huna kesi.